Mlipuko wa Ugonjwa Ukibisha Hodi Kazini

Hebu hesabu watu wa nyumbani kwenu wanaoamka asubuhi kwenda kazini. Pengine baba ni kibarua bandarini Tanga, mama anakaanga na kuuza samaki Sahare, kaka anaendesha bodaboda pale stendi ya Kange, na shangazi anafanya kazi kwenye shamba la mkonge Muheza au Korogwe. Kila mmoja anashinda na watu ambao halali nao nyumba moja. Wanakunywa maji ya ndoo moja, wanatumia choo kimoja, wanakula kwa mama lishe mmoja. Jioni wote wanarudi, mnakaa jamvi moja na kunawa kwenye bakuli moja.

Kwa hiyo ugonjwa ukiingia kazini kwa baba, haubaki kule. Unapanda daladala pamoja naye hadi nyumbani, na kesho yake wewe unaupeleka shuleni. Ndiyo maana toleo hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni la mabosi peke yao, yaani jinsi ya kuandaa sehemu ya kazi kabla ya mlipuko wa ugonjwa. Usiseme "ah, mimi bado mwanafunzi, hainihusu." Shule yako nayo ni sehemu ya kazi. Wapo walimu, mpishi, mlinzi na karani, na mpo ninyi mamia.

MLIPUKO NI NINI HASA?

Wataalamu husema kuna mlipuko pale ugonjwa unapowapata watu wengi kuliko kawaida, katika eneo fulani na muda fulani. Kwa magonjwa mengine hata mtu mmoja anatosha. Mgonjwa mmoja wa kipindupindu akithibitishwa na maabara, mahali ambapo ugonjwa huo haukuwepo, tayari huo ni mlipuko.

Nchi yetu si mgeni wa mambo haya. Kipindupindu kilianza kuonekana Tanzania katika miaka ya 1970, na kimekuwa kikirudi tangu hapo. Mwaka 1997 waliugua watu zaidi ya 40,000 na zaidi ya 2,000 wakafariki. Agosti 2015 kililipuka tena Dar es Salaam, kikasambaa karibu mikoa yote. Hadi mwanzoni mwa 2018 waliougua Bara na Visiwani walikuwa wamezidi 30,000, na waliokufa walizidi 500.

Mkoa wetu wa Tanga una historia yake pia. Kule Lushoto tauni iliwasumbua wananchi kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia 1980. Mwaka 2019 homa ya dengue iliwapata watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao Dar es Salaam, na Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa. Halafu ikaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wakasubiri hadi tarehe 29 Juni. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu bila darasa! Walimu wa shule nyingi binafsi, wapishi wa shule na akina mama wanaouza maandazi getini wanajua vizuri ile miezi ilikuwaje.

(Kwa njia, watu wa mashamba ya mkonge walikuwa na neno "korona" miaka mingi kabla ya ugonjwa huo. Kwao korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge ili kutoa singa.)

MTAA MMOJA, SEHEMU MBILI ZA KAZI

Je, maandalizi yanasaidia kweli? Tusome kisa kimoja cha kweli kutoka Uingereza.

Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka London, katika eneo la Soho. Ndani ya siku chache mamia ya watu walikufa. Wakati ule madaktari wengi waliamini ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wanakunywa maji ya wapi. Wengi walikuwa wanakunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika mtaa wa Broad Street.

Katika mtaa huohuo kulikuwa na sehemu mbili za kazi. Moja ilikuwa kiwanda cha kutengeneza fataki za bunduki, chenye wafanyakazi wapatao 200. Mwenye kiwanda aliwawekea mapipa mawili ya maji ya kunywa, yaliyojazwa kutoka kwenye ile pampu. Bila shaka aliona anawatendea wema. Wafanyakazi 18 walikufa.

Sehemu ya pili ilikuwa kiwanda cha bia, chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja. Wawili tu waliugua kidogo. Kiwanda hicho kilikuwa na kisima chake chenyewe, na wafanyakazi walikuwa wanapewa bia, ambayo maji yake huchemshwa wakati wa kutengenezwa. Hapa msije mkasema bia ni dawa ya kipindupindu! Siri ilikuwa maji.

Angalia basi. Mtaa ulikuwa uleule, hewa ileile, na ugonjwa uleule. Kilichotofautisha ni pipa la maji ya kunywa kazini.

UGONJWA UNAPITA WAPI?

Magonjwa ya mlipuko ni mengi, lakini mengi kati ya hayo tunayokutana nayo pwani hupita katika njia tatu. Ukizijua, unaweza kuingia sehemu yoyote ya kazi na kuona mlango uko wapi.

1. Mdomoni. Hii ndiyo njia ya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Kinyesi cha mgonjwa kinafika mdomoni mwa mtu mwingine kupitia maji, chakula, nzi au mikono. Vijidudu vya kipindupindu vikifika kwenye utumbo mwembamba hutoa sumu inayoulazimisha utumbo kumwaga maji. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Dalili zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kumeza vijidudu, au baada ya siku hadi tano. Na jambo la kutisha ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, lakini vijidudu vinatoka kwenye choo chao kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usingoje kumwona mtu anaharisha ndipo uanze kunawa.

2. Kwa pumzi. Mafua makali, UVIKO-19, surua na kifua kikuu hupita hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea. Hatari ni kubwa zaidi katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi, kwa mfano ofisi ambayo madirisha hayafunguliwi, ghala, au bweni.

3. Kwa mbu. Mbu wa malaria anauma usiku, lakini mbu wa dengue anauma mchana, yaani saa za kazi na za shule. Chandarua cha kitandani hakikusaidii ukiwa gereji au darasani. Mbu huyu anapenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo: matairi ya zamani, makopo, ndoo zisizofunikwa. Kwetu pwani usisahau vifuu na madafu yaliyotupwa. Kifuu kimoja kilichojaa maji ya mvua nyuma ya banda la muuza madafu kinaweza kuzalisha mbu wengi tu.

MAANDALIZI: TUANZE KABLA MGONJWA HAJAPATIKANA

Sehemu ya kazi inaweza kuwa kiwanda cha watu 500 au genge la mama lishe mwenye wasaidizi wawili. Mambo ya msingi ni yaleyale.

Kwanza, awepo mtu wa kushughulika. Jambo la wote mara nyingi huwa si la mtu. Achaguliwe mmoja, na msaidizi wake, wa kusimamia maji, vyoo na taarifa. Kwenye kampuni, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wawepo wawakilishi wa wafanyakazi wa afya na usalama. Shuleni anaweza kuwa mwalimu wa afya akisaidiwa na viranja. Mtu huyu awe na namba za simu za zahanati ya karibu, za afisa afya wa kata, na namba ya bure ya Wizara ya Afya ambayo ni 199. Namba hizo zibandikwe ukutani, zisikae kwenye simu yake tu. Siku ikiisha chaji je?

Pili, maji na sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakae kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Kikombe kimoja cha kuchovya watu 40 ni sawa na yale mapipa ya London. Pawe na mahali pa kunawia karibu na choo na karibu na chakula. Kama hakuna bomba, ndoo yenye koki inatosha, au kibuyu chirizi ambacho unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Na sabuni iwepo! Maji matupu hayatoshi.

Tatu, vyoo. Choo chenye foleni ndefu au kinachonuka huwafanya watu waende porini. Katika mashamba ya mkonge mkataji anaweza kuwa mbali sana na kambi, hivyo choo cha muda kichimbwe karibu na sehemu inayokatwa, mbali na mto na kisima.

Nne, chakula. Kiliwe cha moto, kifunikwe, na anayepika asiguse chakula siku anayoharisha. Katika mlipuko wa 2015 sehemu mbalimbali nchini zilipiga marufuku kuuza chakula ovyo barabarani. Mama lishe wengi walikosa riziki. Lakini mama lishe aliyekwisha kujiandaa, mwenye maji ya koki, sabuni, meza safi na vyombo vinavyokaushwa juu ya kichanja, ana cha kumwonyesha afisa afya akija kukagua.

Tano, dawa za kuanzia. Pakiti chache za ORS, glovu, sabuni na jiki ziwekwe mahali panapojulikana. Si vitu vya gharama kubwa.

Sita, nani anashika nafasi ya nani. Siku watu kumi wakiugua, nani anawasha mashine ya maji? Nani anafungua stoo? Kama jibu ni mtu mmoja tu, basi kazi haijajiandaa. Kila kazi muhimu ijulikane na angalau watu wawili.

"UKIONDOKA LEO, HAKUNA HESABU"

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi. Unaweza kuwa na ndoo kumi na sabuni katoni nzima, lakini mipango yote ikaharibika kwa sababu ya fedha.

Tuseme kuna kibarua wa mkonge anayelipwa kwa matita anayokata. Amekuja kazini asubuhi, tumbo linamsokota.

"Shikamoo bwana nyapara. Leo tumbo limenishika, nimekwenda choo mara nne tangu alfajiri."

"Marahaba. Pole. Lakini ukiondoka leo, hakuna hesabu."

Huyu mtu ana watoto watatu na wiki ijayo kuna michango ya shule. Unafikiri atafanya nini? Atanyamaza, ataendelea kukata, na kila nusu saa atakimbilia vichakani. Jioni wenzake kumi watakuwa wamekunywa kwenye kikombe chake. Si kwamba ni mjinga au hajali wenzake. Amepiga hesabu tu, akaona njaa ya watoto ni ya leo na ugonjwa wa wenzake ni wa kesho.

Mwajiri naye akipiga hesabu vizuri ataona kwamba kumlipa mtu mmoja akae nyumbani siku tatu ni nafuu kuliko kambi nzima kuugua na mashine kusimama. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwajiri yeyote anayesema amejiandaa ni hili: mtu akiugua hapa, anakula nini?

Sheria inasema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Tatizo ni kwamba aliyeajiriwa kwa muda mfupi, usiofika miezi sita, mara nyingi haguswi na haki hiyo, wala muuza samaki anayejiajiri hana wa kumlipa. Hapo ndipo vikundi vinasaidia. Akina mama wa sokoni wenye mchezo wa fedha au kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza kutenga kiasi kidogo kila wiki kwa ajili ya mwenzao atakayeugua. Madereva wa bodaboda wenye chama cha kijiwe wanaweza kufanya hivyohivyo. Mfuko kama huo unamsaidia mgonjwa, na unawakinga wenzake pia, kwa maana atakubali kukaa nyumbani.

MGONJWA AKIPATIKANA

Tuseme mfanyakazi anaharisha choo cha majimaji kinachofanana na maji ya mchele, na anatapika. Fanyeni hivi:

– Mpeni ORS mara moja, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, anywe kidogo kidogo bila kuacha. Kama haipo, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya mlima.

– Mpelekeni kituo cha afya haraka huku akiendelea kunywa njiani. Msingoje mpaka jioni. Akitibiwa mapema, uwezekano wa kufa unashuka chini ya mtu 1 kati ya 100. Asipotibiwa, wanaozidiwa sana wanaweza kufa hata nusu yao, tena ndani ya saa chache.

– Anayesafisha matapishi avae glovu. Jiki ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5 ichanganywe fungu moja kwa mafungu sita ya maji, imwagwe, iachwe angalau dakika kumi ndipo pasafishwe. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, mvuke wake unaweza kukudhuru.

– Toeni taarifa kwa afisa afya au pigeni 199. Kuficha mgonjwa ili biashara isifungwe ni kuwaweka wateja na jirani zenu katika hatari, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka magonjwa ya namba hii yatolewe taarifa.

– Waambieni wafanyakazi ukweli, bila kumtangaza mgonjwa. Mkikaa kimya, uvumi utawasemea. Na mwenzenu akipona akarudi, msimkimbie wala kumwita "yule wa kipindupindu." Aliyeona mwenzake anachekwa hatasema siku akiugua yeye.

MASWALI MNAYOULIZA SANA

Je, si kuna chanjo ya kipindupindu?
Ipo, ni ya kunywa. Zanzibar iliitumia katika maeneo yenye hatari mwaka 2009. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya maji safi na choo.

Nikiwa na homa wakati wa dengue ninywe nini?
Nenda ukapimwe. Usitumie aspirini, maana inaweza kuongeza kutoka damu. Kwa homa na maumivu hutumika parasetamo, kwa kipimo sahihi, na maji mengi.

Baba ni mkali. Nitamwambiaje mambo haya?
Usianze kwa kumfundisha. Anza kwa kuuliza: "Baba, kazini kwenu mnakunywa maji ya wapi?" Msikilize. Mzazi akiulizwa kwa heshima huwa anaeleza, na akieleza anaanza kuona mwenyewe panapovuja.

ZOEZI KWA KLABU YA AFYA

Wiki hii zungukeni shuleni kwenu mkiwa na daftari. Hesabuni vyoo vya wasichana na vya wavulana, na sehemu za kunawia zenye maji na sabuni siku hiyo hiyo, si zile zinazowekwa mgeni akija. Tazameni maji ya kunywa yanakaa kwenye chombo gani. Tafuteni vifuu, makopo na matairi yenye maji, myamwage. Mwulizeni mpishi kwa adabu: akiugua, anaruhusiwa kupumzika, na analipwa?

Andikeni majibu kwenye karatasi moja, na chini yake mambo matatu yanayoweza kufanyika mwezi huu bila fedha nyingi. Mpelekeeni mwalimu mkuu, na mwombeni isomwe kwenye kikao cha bodi ya shule. Mvua za masika hazingoji kikao cha pili.